Savana si msitu uliokatwa

Mgeni akipita lango la Naabi kuingia Serengeti, uwanda wa nyasi unamfungukia hadi upeo wa macho, na swali linalonifikia ni lile lile: miti ilikatwa na nani? Nimekuwa nikichunguza uoto kwa miaka mingi na bado nalipenda swali hili. Hakuna aliyeikata. Uwanda ule umekaa juu ya majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Chini kidogo ya nyasi majivu hayo yameshikana yakawa tabaka gumu, na mzizi wa mti haupenyi.

Shuleni tulizoezwa kuigawa dunia kwa joto na mvua. Maeneo mapana yenye hali ya hewa na uoto unaofanana, ambayo wanaikolojia huyaita baiomu, yakapakwa rangi kwenye ramani. Tundra ya kaskazini ya mbali, ambako udongo wa chini umeganda mwaka mzima na mti hauna pa kushika. Kusini yake taiga, misitu ya misunobari ya Siberia na Kanada. Jangwa, pale ambapo kwa kawaida mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka. Msitu wa mvua kama wa Kongo, ambao sehemu kubwa ya rutuba yake imo ndani ya miti yenyewe na majani yanayooza, huku udongo wake mara nyingi ukiwa maskini. Nyika za Ukraine ni kinyume chake: huko mizizi ya nyasi imejenga udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu.

Ramani hiyo inatosha kwa tundra na jangwa. Kwa savana, yaani uwanda wa nyasi wenye miti iliyotawanyika, inakwama.

Barani Afrika, mahali panapopata chini ya milimita 650 hivi kwa mwaka, mvua yenyewe ndiyo huizuia miti isisongamane. Ikizidi hapo, miti ingeweza kufunga anga. Mbona basi mahali pamoja unakuta msitu mzito, na mahali pengine, kwa mvua ile ile, nyasi zenye miti michache? Jibu ni moto na midomo ya wanyama. Nyasi za savana zinataka jua kali, na chini ya kivuli kizito hufa. Kiangazi zikikauka huwa kuni. Moto ukipita unaunguza miche, jua linaendelea kufika chini, na mvua zikirudi nyasi huchipua kwanza. Kwa njia hiyo nyasi hujilinda zenyewe.

Serengeti ilituonyesha jambo hili waziwazi. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki, ikaangamiza ng'ombe na nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukawatoka nyumbu pia, na kufikia 1977 walikuwa wapata milioni 1.3. Midomo yote hiyo ikala nyasi ambazo zingeungua. Mioto ikapungua, na katika miongo iliyofuata miti ikaongezeka, nje ya uwanda ule wa majivu. Sindano aliyochomwa ng'ombe nje ya hifadhi iliotesha migunga ndani yake. Sijui mfano mwingine ninaoupenda kuufundisha kuliko huu.

Ndiyo maana huniuma savana inapoitwa ardhi tupu, kisha ikalimwa na kupandwa misunobari au mikaratusi kwa jina la kurudisha misitu. Ukiifunika kwa kivuli unaua nyasi, na pamoja nazo chakula cha nyumbu, pundamilia na ng'ombe.

Siku ukiwa eneo linaloungua mara kwa mara, tafuta mche wa mgunga unaokufika gotini, ufukue udongo taratibu kando yake. Utatarajia mzizi mwembamba. Mara nyingi utakuta kisiki kinene kama mkono, chenye makovu ya mashina yaliyoungua na kuchipua tena, moja baada ya jingine. Mche huo unaweza kuwa na umri wa miaka mingi. Unangoja miaka kadhaa mfululizo isiyo na moto, ili urefuke mpaka majani yake yapite kimo cha ndimi za moto wa nyasi.