"Gesi Ikija Nyumba Itajilipa": Dhana Zinazowatia Hasara Wenye Nyumba Mtwara na Lindi

Wiki iliyopita simu iliita saa mbili usiku. Alikuwa mteja wangu anayeishi Dar es Salaam, mwenye nyumba ya vyumba vinne Shangani, Mtwara Mjini. Nilikuwa nimempelekea mpangaji, daktari mwenye familia, anayemudu laki tatu na nusu kwa mwezi na kodi ya miezi sita ameishika mkononi. Mteja akakataa. "Dada, tuvumilie. Gesi ikianza, hiyo nyumba ni milioni na nusu." Nyumba hiyo ina miezi kumi na moja haina mtu.

Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi mno, Mtwara na Lindi, na safari hii nimeona niyaandikie. Fedha zinazopotea si za matajiri. Ni kiinua mgongo cha mwalimu, ni mkopo wa mshahara wa nesi, ni za ndugu watatu waliochangishana wajenge nyumba ya kumtunza mama yao. Inaniuma kuona zinalala namna hii.

"Gesi ikija, nyumba itajilipa"

Turudi nyuma kidogo. Gesi kwetu si habari mpya. Ya Songo Songo, kisiwani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, mwaka 1982. Kilichobadilisha mji ni ugunduzi wa gesi ya bahari kuu kuanzia 2010. Meli za utafiti zikaitumia bandari ya Mtwara, wageni wakaja na mafundi wao, na ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam ukaanza. Miaka ile ya 2012 na 2013 kweli kulikuwa na nyumba Shangani zilizopangishwa kwa dola. Niliandika baadhi ya mikataba hiyo kwa mkono wangu.

Sasa tazama waliokuwa wakilipa dola zile. Walikuwa watu wa kuchoronga visima na watu wa kujenga bomba. Kazi ya kuchoronga ina mwisho: kisima kikishapimwa, meli inaondoka na watu wake. Bei ya mafuta duniani iliposhuka mwishoni mwa 2014, kampuni zilipunguza utafiti. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, na mafundi wake wakakunja mahema. Gesi yenyewe leo inasafishwa Madimba, huku huku Mtwara, na kusafiri chini ya ardhi mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam. Kiwanda cha kusafisha gesi kinaendeshwa na watu wachache wanaofanya kazi kwa zamu, na wengi wao wana makazi tayari. Yaani gesi imeshakuja, iko chini ya miguu yetu inapita kila siku, na mpangaji wa dola hayupo.

Mteja huniambia, "Mimi nasubiri ile kubwa, ya kusindika gesi iwe kimiminika." Sawa. Eneo lililotengwa kwa mradi huo ni Likong'o, Manispaa ya Lindi. Kutoka hapo hadi Shangani ya Mtwara ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Miradi mikubwa ya namna ile hujenga kambi ya wafanyakazi ndani ya uzio wa mradi, kwa sababu za usalama na za muda, maana maelfu ya watu hawawezi kusubiri dalali awazungushe mitaani na pikipiki. Ujenzi ukiisha, wanaobaki kuendesha mitambo ni sehemu ndogo tu ya waliojenga. Kwa hiyo hata siku mradi utakapoanza, na mimi naombea uanze, mwenye nyumba wa Lindi atapata miaka michache ya neema, na wa Mtwara atapata mabaki. Hiyo ni neema ya kuipokea ikija. Huwezi kuikopea leo.

Na kusubiri kuna gharama. Juzi niliingia kwenye nyumba moja inayosubiri gesi namna hii, karibu kabisa na bahari. Kufuli la geti lilikuwa limeshikana kwa kutu, mlinzi akalimiminia mafuta ya taa, tukakaa kama robo saa tukingoja liachie. Ndani, kiyoyozi cha sebuleni kilikuwa bado na karatasi yake ya dukani. Nje, mashine yake ilikuwa imeliwa na chumvi, ukigusa chuma kinabaki vumbi jekundu kwenye vidole. Dari la chumba cha watoto limeshuka kwa mkojo wa popo. Nyumba yenye watu hufunguliwa madirisha, hufagiliwa, na bati likivuja mtu anapiga kelele siku hiyo hiyo. Nyumba tupu ya pwani huoza kimya kimya.

Sasa chukua kalamu. Unadai laki nne, nyumba inakaa wazi miezi mitano ndipo apatikane wa kukubali: miezi saba mara laki nne ni milioni 2.8. Jirani yako kakubali laki tatu siku ya kwanza: miezi kumi na mbili ni milioni 3.6. Jirani huyo ndiye unayemwita mjinga aliyeharibu bei ya mtaa. Hesabu hii nimeichora kwenye mabahasha, kwenye risiti za vifaa vya ujenzi, mara moja kwenye vumbi la boneti ya gari la mteja. Wote wanaitikia kwa kichwa, kisha wananiambia tuvumilie.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wapangaji wapo. Mji mdogo una wapangaji unaoweza karibu kuwahesabu: walimu, manesi na madaktari wa hospitali ya mkoa ya Ligula na wa hospitali ya kanda pale Mitengo, wakufunzi na wanafunzi wa vyuo, watu wa bandari, hasa tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kupitia hapa, mafundi, wafanyabiashara wa korosho na samaki. Hao wanatafuta chumba na sebule chenye choo cha ndani, maji ya uhakika na geti. Mwezi uliopita nilikuwa na wanne wanaomba nyumba ya namna hiyo kati ya Chuno na Mangamba, sina pa kuwapeleka. Wakati huo huo nina funguo za nyumba tatu kubwa tupu mezani.

"Nimejenga kwa milioni tisini, siwezi kupangisha laki tatu"

Mpangaji hajui ulinunua marumaru kwa bei gani, wala hahitaji kujua. Yeye anaangalia mshahara wake. Kwa milioni tisini, kwa laki tatu na nusu kwa mwezi bila kukosa mtu hata siku moja, unapata milioni 4.2 kwa mwaka, haijafika asilimia 5, kabla ya dalali, rangi na fundi bomba. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, miaka ya karibuni zimelipa zaidi ya asilimia 10, na unaweza kuanza na milioni moja. Kwa hiyo kama bado hujaanza msingi, piga hesabu upande wa kodi kwanza: uliza mtaani watu wanalipa ngapi, ndipo ujue ujenge cha shilingi ngapi. Fedha ya nyumba moja kubwa hutoa nyumba ndogo nne au zaidi za chumba na sebule, na mmoja akihama, watatu wanaendelea kulipa.

"Mtumishi wa serikali ndiye mpangaji salama"

Ni mlipaji mzuri, nakubali. Ila huhamishwa, na barua ya uhamisho haikusubiri wewe. Andika kwenye mkataba muda wa taarifa, na usimrudishe mtu asiye mtumishi kwa sababu hiyo tu. Mama anayeuza samaki soko la feri amenilipa miaka sita bila kukumbushwa.

"Msimu wa korosho ukifika, watalipa"

Kuanzia Oktoba minada ikianza hela huzunguka, hasa Masasi, Newala na Tandahimba. Lakini msimu una mambo yake. Mwaka 2018 wakulima walipoikataa bei ya wanunuzi, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yalichelewa. Mwenye nyumba aliyekuwa ametegemea kodi ya Novemba aliipata mwaka uliofuata. Ukiwa na wapangaji wa korosho, wachanganye na wa mshahara.

"Karatasi ya serikali ya mtaa inatosha"

Haitoshi. Karatasi ile inathibitisha kwamba mwenyekiti aliona mkiuziana. Umiliki wa ardhi ya mjini ni hati miliki. Na ukinunua nje ya mji, uliza kwanza kama ile ni ardhi ya kijiji, maana ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka 1999. Nimeona mtu amejenga vyumba sita kwenye eneo lililouzwa mara mbili. Sitaki kuona tena.

"LUKU moja, watagawana"

Watagombana. Hakuna kinachofukuza wapangaji wazuri kama mita moja ya umeme kwa vyumba vinne: huyu ana friji, yule ana pasi, mwingine anasema hakuwepo wiki nzima. Weka kila mpangaji na mita yake. Kodi ya majengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Ni kodi yako wewe mwenye nyumba, mpunguzie mpangaji kiasi hicho kwenye pango lake. Na kama jengo moja lina mita kadhaa na zote zinakatwa, nenda ofisini warekebishe, usikae unalalamika.

"Mchanga wa ufukweni ni bure"

Una chumvi, na chumvi hula nondo. Saruji inapasuka kutoka ndani, plasta inatoka maua meupe, na baada ya miaka michache lenta ya juu ya mlango inaning'inia. Agiza mchanga wa mtoni au wa shimo, lipia lori, na usimame pale lori linapomwaga. Fundi akikuambia umeoshwa, mwambie alete mwingine.

Yule daktari wa laki tatu na nusu bado hajapata nyumba. Nitampigia tena mteja wangu Jumatatu asubuhi.