Mbuta, fulu na gugu maji: yanayosemwa Kisumu na ukweli wake

Ukikaa ufukweni Dunga wavuvi wakishusha samaki, utadhani mbuta, yaani sangara, alizaliwa na ziwa. Sivyo. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Hata nyamami, yule sato wa kigeni anayekaangwa mzima hotelini, aliletwa kipindi hicho hicho. Wenyeji wa jadi ni ngege na mbiru (sato wa asili), omena (dagaa), kamongo na fulu, samaki wadogo wa aina nyingi.

"Mbuta ndiye aliyetumalizia samaki." Hapo pana ukweli, ila si wote. Ngege alianza kupungua mapema zaidi, maana nyavu za kisasa za kutega zilifika Ghuba ya Winam, upande huu wa Kisumu, mwaka 1905, na miongo miwili baadaye upungufu ulikuwa umeshaonekana. Mbuta alipofurika miaka ya 1980, aliyeumia zaidi ni fulu. Kulikuwa na aina zake zipatazo 500, na inakadiriwa kama 200 zilitoweka. Fulu jike hubeba mayai yake machache mdomoni, na hata yakishaanguliwa watoto hukimbilia humo humo wakiona hatari. Mbuta jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Mashindano hayo fulu angeyashinda vipi?

Na si meno ya mbuta peke yake. Mto Nyando na Nzoia huleta udongo na mbolea ya mashambani, miji nayo huongeza maji taka. Fulu jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka, mwekundu na wa buluu hawatofautiki tena machoni pake, aina mbili huzaana na polepole huwa moja. Hasara hii haionekani sokoni, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Wengine husema kuleta fukusi, wadudu wadogo wa kula gugu maji, kulikuwa kurudia kosa la mbuta. Hapana. Gugu hili la Amerika Kusini lilipofunika ghuba miaka ya 1990, fukusi walizalishwa Kibos, karibu na Kisumu, na kuanza kuachiliwa mwaka 1997, baada ya kuthibitishwa kuwa chakula chao ni gugu hilo. Mbuta hakupimwa hivyo. Gugu lilipungua sana, ingawa wapo wataalamu wanaosema El Niño nayo ilichangia. Hurudi kwa sababu mbegu zake hukaa topeni miaka mingi na maji machafu hulirutubisha.

Dhana mbaya kuliko zote ni kwamba fulu wameisha, basi hakuna cha kuokoa. Mbuta alipovuliwa kwa wingi, baadhi ya fulu walianza kurudi. Ziwa Kanyaboli, kule Siaya ndani ya kinamasi cha Yala, bado lina fulu na ngege wa asili. Maji ya kwenye mafunjo yana oksijeni kidogo na mbuta hayawezi. Simwombei mbuta afukuzwe: minofu yake huuzwa Ulaya, na mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, unalisha familia nyingi mtaani Obunga, Kisumu. Ninachoomba ni mafunjo ya Yala yasifyekwe, na nyamami asipelekwe Kanyaboli, kwa kuwa hugombea chakula na ngege na pia huzaana naye mpaka damu ya asili ipotee. Ndugu mfugaji wa samaki wa Siaya au Busia, inua kingo za bwawa lako na uweke wavu kwenye mfereji wa kutolea maji kabla ya mvua za masika, vifaranga wasisombwe hadi kinamasini.