Usiniulize Miche Mingapi: Dhana Potofu Kuhusu Matimbo Yaliyoachwa

Juzi tena nimepigiwa simu na mwenye timbo, yaani machimbo ya mawe ya kujengea, upande wa Njiru, Nairobi. Mawe yamemwishia, sasa anataka kijani. Swali la kwanza: "Daktari, miche elfu mbili ya mikaratusi ni pesa ngapi?"

"Ukishapanda miti, ardhi imerudi." Dhana hii ndiyo inayoninyima usingizi, na tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032 naisikia maradufu. Sakafu ya timbo ni jiwe tupu. Shimo la futi mbili ulilolijaza samadi ni chungu cha maua tu: mvua ya masika ikinyesha maji hayana pa kutokea, na kufika Septemba mche umekauka. Nimeing'oa miche ya namna hiyo nikakuta mizizi imejiviringa kama kata ya kubebea mtungi.

Tena uwanda huu, kutoka Embakasi hadi Athi, haukuwa msitu. Ulikuwa nyasi, na migunga hapa na pale. Chukua mbegu ya Themeda, zile nyasi zinazogeuka rangi ya kutu wakati wa kiangazi katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ina mkia mweusi uliopinda. Idondoshee tone la maji kiganjani uitazame: mkia unajisokota, mbegu nayo inageuka. Ndivyo inavyojichimbia, mradi ikute udongo.

Kwa hiyo nasema lile lile ninalowaambia wote: tunza udongo wa juu. Zile sentimita 15 hadi 20 za kwanza ndizo zenye mbegu, kuvu wa mizizi na wadudu. Tingatinga lizikwangue kabla jiwe la kwanza halijakatwa, ziwekwe mbali na udongo wa chini, na rundo lisipite kimo cha mtu. Ukirundika kilima, udongo wa ndani hukosa hewa na kufa. Wakati wa kurejesha, pasua sakafu, tandaza udongo, mwaga mbegu za nyasi kabla ya mvua za vuli. Migunga itafuata. Mikaratusi iache: mahali pakavu kama hapa huyamaliza maji, na chini yake nyasi hazioti.

"Nitanunua udongo mwekundu kwa lori." Unalivua nguo shamba la mtu Kiambu, halafu unaletewa na magugu yake.

"Mbona Bamburi walipanda mvinje ikakubali?" Kweli, Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji cha Bamburi karibu na Mombasa, alianza kupanda katika machimbo yao 1971, akajaribu aina 26 za miti, zikastahimili tatu tu, mvinje ikiwemo. Lakini lile ni jiwe la matumbawe huko pwani. Letu ni la volkano. Na mvinje ilikuwa mwanzo: majongoo waliyasaga majani yake makavu, udongo ukajengeka, ndipo mimea mingine ikapata pa kushika.

"Shimo lijazwe taka kwanza." Jaa la taka la Dandora, hapa Nairobi, lilianza katika timbo, 1975. Nenda ukalione.

Yule wa Njiru nilimuuliza udongo wake wa juu uko wapi. Tingatinga liliusukuma hadi ukingo wa mto siku ya kwanza ya kazi, mvua ikauchukua.