Sampu mpya ya Subaru: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Ukipeleka Impreza ya turbo kumwaga oili, hutakosa wa kukuambia: "Si imeshakuwa tupu? Funga na sampu kubwa leo leo, ni nusu saa tu." Sampu ni lile karai la chini ya injini linalokaa oili.

Si nusu saa. Boliti zenyewe ni za spana namba 10, hazina shida. Shida ni kwamba kwenye injini nyingi za EJ, aina ya injini za Subaru zinazofungwa kwenye Impreza nyingi, sampu imebanwa na chuma cha chini cha chasisi, haitoki mpaka ulegeze maunti (vishikizi vya injini) na kuinyanyua injini kwa jeki. Halafu kuna silikoni, ile gundi ya kuziba mwanya kati ya sampu na injini. Fundi mwenye haraka huipaka nene, ile inayobanwa kuelekea ndani hukauka kama uzi, hukatika, na safari yake huishia kwenye chujio la bomba la kunyonyea oili. Paka mstari mwembamba, tena kwenye chuma kilichofutwa kikakauka.

Wengine hudhani faida ya sampu hiyo ni lita za ziada. Hapa ndipo wengi hupotea. Tairi nzuri kwenye lami kavu zinaweza kukaribia kukusukuma ubavuni kwa nguvu sawa na uzito wako. Kona ikifika hapo, oili haikai tambarare tena: uso wake unalala nyuzi 45. Oili yote imekimbilia upande mmoja, mdomo wa bomba umebaki hewani, pampu inavuta hewa. Beringi za konrodi, yaani za mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, hukauka kwanza, na hazihitaji muda mrefu kuliwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lita, chungulia ndani ya sampu unayouziwa: ina kuta na vilango vinavyoruhusu oili kuingia katikati na kuizuia kutoka? Kama ni karai tupu, mimi nisingeinunua.

Kuongeza lita moja juu ya alama ya stiki ya kupimia oili nako si dawa. Oili ikizidi hupigwa ikatoa povu, na nyingine hupanda bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa ya turbo.

Eti sampu ya alumini inapoza injini? Kidogo mno. Kazi hiyo ni ya kipoza oili (oil cooler).

Wala sampu mpya haifufui beringi zilizokwisha. Chota oili ya zamani, isogeze juani. Ikimetameta chembe za chuma, acha habari ya sampu, injini ifunguliwe.

Gari la kwenda kazini na kurudi halihitaji mzigo huu. Linahitaji stiki ichomolewe kila wiki. La mashindano, sampu ije kabla ya turbo kubwa. Pima pia inavyoning'inia, maana matuta yetu hayana huruma.

Ngoja silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, ndipo umimine oili. Ukiwasha na taa nyekundu ya oili ikakawia kuzimika, zima papo hapo.