Je, Chumvi ya Bahari ni Sawa Kila Mahali?

Wengi wetu hapa Kisumu, tuliolelewa kando ya ziwa la maji baridi, huamini kwamba maji ya bahari yana chumvi kiasi kilekile kila mahali. Wastani ni takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, lakini usoni mwa bahari kiasi hicho hubadilika: mvua kubwa huizimua chumvi, jua kali huikoleza, na mto Sabaki unapofurika karibu na Malindi, maji yake, kwa kuwa ni mepesi zaidi, hutandaa juu ya yale ya bahari mpaka mawimbi na maji kujaa na kupwa yayachanganye. Wepesi huo, ambao ndio kiini cha jambo lote, unaweza kuushuhudia jikoni: koroga chumvi nyingi katika nusu glasi ya maji, kisha umimine juu yake polepole, kupitia mgongo wa kijiko, chai ya rangi iliyopoa isiyo na sukari. Itakaa juu.