Njia ya Santiago na Wenzi wa Safarini: Dhana Potofu na Ukweli

Mkazi wa Mombasa akisikia kwamba wapo watu wanaohiji kwa miguu hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambako inaaminika kwamba Mtume Yakobo, mwanafunzi wa Yesu, amezikwa, mara nyingi huipima safari hiyo kwa kipimo cha Makka: siku maalumu za Mfunguo Tatu, kundi lililosajiliwa na kiongozi anayejua kila kituo. Ndiyo maana anayetaka kwenda peke yake huambiwa atafute kwanza mtu wa kufuatana naye. Ukweli ni kwamba njia hiyo haina siku ya kuanza wala kiongozi. Tawi lake mashuhuri, linaloanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa, lina urefu wa takriban kilomita 780 na huchukua kiasi cha wiki tano. Mishale ya manjano, ambayo padri Elías Valiña aliisambaza katika miaka ya 1980, humwongoza msafiri kutoka kijiji hadi kijiji, na wengi huanza peke yao bila ya kubaki wapweke.

Hawabaki wapweke kwa sababu ya mpangilio wa njia yenyewe. Wote huelekea upande mmoja, hulala katika vijiji vilevile, na malazi ya umma ya mahujaji kwa kawaida hayamruhusu mtu mwenye afya kulala zaidi ya usiku mmoja. Kwa hiyo mtu uliyempa plasta ya lengelenge adhuhuri utamkuta jioni akifua soksi kwenye karo ileile, na kesho yake mtakutana tena mkingoja kugongewa muhuri katika kijitabu cha hujaji. Mazoea huingia kidogo kidogo, kama tunavyozoeana na abiria wenzetu wa feri ya Likoni, ila huku muda wa kuzungumza upo tele.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, inatokana na adabu zetu njema: kwamba ukishaanza safari na mwenzio, kumtangulia au kumwacha nyuma ni kukosa uungwana. Kila mtu ana mwendo wake, na anayeilazimisha miguu yake kufuata mwendo wa mwingine siku baada ya siku, awe anaharakisha au anajizuia, hujitafutia malengelenge na maumivu ya kano. Desturi iliyozoeleka ni kuagana asubuhi bila kinyongo na kuulizana hali jioni mezani, na anayetaka kutembea kimya hadaiwi sababu. Sisi tuliolelewa kumsindikiza mgeni hadi barabarani huuona huo kuwa ubaridi, lakini ndio unaowafanya watu wasichokane kabla ya kufika Burgos, mji ulio njiani nchini Hispania.

Wapo pia wanaodhani kwamba asiye Mkatoliki atarudishwa mlangoni. Sivyo, njia imefunguliwa kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Kinachotofautiana ni hati ya mwisho tu: hati iitwayo Compostela hupewa aliyetembea angalau kilomita 100 kwa nia ya kidini au ya kiroho, na mwenye nia nyingine hupewa hati tofauti. Lugha nayo isimtishe mtu, hasa katika mji wetu wa Mombasa, ambako vijana wa ufukweni hujifunza Kiitaliano na Kijerumani bila ya kukanyaga darasani. Salamu ya Kihispania ya “Buen Camino”, yaani “Njia njema”, pekee hufungua mazungumzo mengi.

Kuhusu miguu, wengi wetu huamini kwamba anayekwenda kwa miguu kutoka Kongowea hadi mjini amekwisha kujiandaa. Kisiwa chetu ni tambarare, ilhali siku ya kwanza kutoka Saint-Jean hupandisha zaidi ya mita 1,200 kabla ya kuteremka hadi kijiji cha Roncesvalles, upande wa Hispania. Ni heri kufanya mazoezi kwenye vilima vya Rabai au ngazi za jengo refu, ukiwa umebeba mkoba wenyewe, ambao kwa ushauri wa kawaida usizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Na kama mnakusudia kwenda wawili, hapo ndipo pa kugundua nani ana mwendo wa kasi na kukubaliana mapema kwamba hamtasubiriana.