Kabla Hujanunua Betri Nyingine ya Pikipiki

Baridi ya Juni ikishaingia hapa Arusha, hakuna asubuhi inayopita bila mtu wa boda kufika kibandani kwangu Mianzini akisukuma pikipiki. Neno la kwanza ni lile lile: "Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine." Sikimbilii dukani. Nachukua mita ya kupimia umeme kwanza. Betri nyingi zinazoletwa kwangu kama maiti bado zina uhai, na ile iliyokufa kweli mara nyingi imeuliwa na kitu ambacho bado kimekaa humo humo kwenye pikipiki. Weka mpya bila kukitafuta, nayo itaifuata ya zamani.

Baridi yenyewe inasingiziwa tu. Ni kweli betri ikipoa inatoa umeme kwa uvivu, na oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo stata inadai nguvu nyingi wakati ambapo betri ina kidogo. Lakini kinachoila betri ndani kwa ndani ni joto. Pikipiki inayoshindia juani Moshi mjini, chini ya mita 1,000, inachosha betri haraka kuliko ya Ngaramtoni kwenye baridi. Ikipandishwa huku kwetu, kwenye mita kama 1,400, Julai ndiyo inafichua ugonjwa ulioanza zamani.

Kabla ya mita kuna sikio. Bonyeza stata usikilize. Ikilia "tik-tik-tik" ya haraka na taa ya dashibodi inafifia, betri haina chaji au temino, pale waya unapofungwa kwenye betri, imelegea. Ikipiga "tak" moja nzito ikanyamaza, angalia waya nene za stata na brashi zake, maana hapo umeme unafika ila haupiti vizuri. Ikiwa kimya kabisa na honi inalia vizuri, achana na betri: tazama ile swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye mkono wa kulia, swichi ya klachi, stendi ya pembeni kwa pikipiki zenye swichi hapo, kisha rilei ya stata, ile swichi inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye stata. Usicheke kuhusu swichi nyekundu. Watoto huibonyeza pikipiki ikiwa imeegeshwa nyumbani, na baba mtu anasukuma kutoka Sakina mpaka kwangu. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini haishiki, hiyo sasa ni habari ya mafuta na moto: koki, choki, kabureta, plagi.

Na ikiwa stata inagoma lakini kiki moja tu injini imewaka, usijitie moyo sana. Pikipiki nyingine zinachukua moto wa plagi moja kwa moja kwenye koili ya magneti, kile kinachozalisha umeme injini ikizunguka, hizo zinawaka hata betri ikiwa tupu. Zinazotegemea betri kwa moto wa plagi, au zinazopuliza mafuta kwa pampu ya umeme, betri ikiisha kabisa utapiga kiki mpaka mguu uume.

Mita ya kawaida inatosha. Iweke kwenye volti za DC, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika saa kadhaa. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri ina chaji kamili. 12.4 bado inafaa. 12.0 karibu ni tupu. Sasa bonyeza stata huku unatazama namba: isishuke chini ya volti 10 au hapo karibu. Inayosoma 12.6 ikiwa imetulia, halafu ikaporomoka hadi 7 ukibonyeza stata, imeisha ndani, labda iwe ni temino chafu. Mwisho washa injini, vuta mafuta kiasi, usome tena. Hapo nataka kuona kati ya 13.5 na 14.8. Kipimo hiki cha tatu ndicho wengi wanakiruka, na ndicho kinachomkamata muuaji.

Kijana mmoja wa Tengeru alinijia amekasirika. "Fundi, shikamoo, lakini hizi betri zenu siku hizi ni feki. Hii ni ya pili tangu masika." Nikaichaji, ikasimama 12.7. Tukawasha, nikavuta mafuta, mita ikabaki 12.4 na inateremka. Hakuna chaji inayoingia. Nikafungua kava la pembeni, nikafuata waya tatu za njano zinazotoka kwenye magneti kwenda kwenye reketifaya, kifaa kinachogeuza umeme huo uwe wa kuchaji betri na kuuzuia usizidi. Soketi yake ilikuwa imeungua upande mmoja, plastiki imekuwa ya kahawia, pini moja imelegea hadi ukiigusa inacheza. Maji ya mvua na matope yalikuwa yameingia humo. Nikakata, nikaunga pini mpya, nikasoma 14.2. Betri yake haikuwa na kosa lolote.

Upande wa pili ni reketifaya inayozidisha. Mita ikipita 15, betri inachemka, inavimba, maji yanakauka, na balbu zinakatika kila mara. Halafu kuna yale mapambo: taa za rangi, redio, chaja ya simu, alamu. Kukagua kama kuna kinachonyonya umeme usiku, zima kila kitu, toa waya wa hasi, weka mita kwenye ampea kati ya waya huo na betri. Isome miliampea chache tu. Usithubutu kubonyeza stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika papo hapo.

Ukijiridhisha kuwa betri ndiyo yenyewe, nunua yenye ampea zile zile na chanya ikiwa upande ule ule, maana waya wa chanya ni mfupi. Pima dukani. Betri iliyofungwa kiwandani ikisoma chini ya 12.4, imekaa sana rafuni. Kufungua, anza na hasi. Ukianza na chanya spana ikagusa fremu, utaona cheche. Kufunga, chanya kwanza. Ya kujaza tindikali iache ipumzike nusu saa, kisha ichajiwe taratibu kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: ya ampea-saa 5 (iliyoandikwa 5Ah), chaji ya ampea 0.5. Dereva mwenye haraka ananichukia hapa, lakini betri isiyochajiwa vizuri mara ya kwanza haifikishi nguvu yake. Mpira wa betri wa kupumulia uelekee chini, mbali na mnyororo.

Kuongeza maji kwenye betri ya kujaza, tumia maji ya betri yasiyo na madini tu, yafike kati ya mistari miwili ya ubavuni. Maji yetu ya bomba yenye kutia meno rangi yana madini ambayo betri haiyataki, na tindikali haiongezwi kabisa. Ule ukungu mweupe na kijani kwenye temino usafishe kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu. Magadi ya kawaida ya sokoni yanaua tindikali vizuri tu. Hakikisha hayaingii ndani ya betri, suuza, kausha, paka grisi kidogo baada ya kukaza.

Ya zamani usiipasue wala kuimwaga mtaroni. Wanunuzi wa chakavu wanaitaka ikiwa nzima kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo, na mimi nawakatia wateja bei kidogo wakiniachia.